Ukiumia kazini, mbona huwezi kumshtaki mwajiri?

Kibarua wa shamba la maua Timau akikatwa kidole, au kuli wa bandari ya Mombasa akivunjika mguu, sheria inayowahusu ni moja: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA. Kifungu cha 16 kinamzuia aliyeumia kumshtaki mwajiri wake kortini kudai fidia. Madai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Zamani mfanyakazi alikuwa na hiari. Angeweza kuchukua malipo yaliyowekwa na sheria, au kwenda kortini kuthibitisha uzembe wa mwajiri na kudai hata fidia ya maumivu.

Chama cha Mawakili (LSK) kilipinga mabadiliko hayo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa, kikiwemo cha 16. Mahakama ya Rufaa ilivirejesha vingi mwaka 2017, na Desemba 3, 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo.

Wanaoitetea sheria wana hoja: aliyeumia hana haja ya kuthibitisha kosa la mwajiri, maadamu hakujiumiza kwa makusudi. Wanaoipinga nao wanatazama hesabu. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa mapato ya miezi 96. Anayelipwa Sh15,000 kwa mwezi, daktari akimpa ulemavu wa asilimia 30, hesabu yake ni Sh432,000. Maumivu hayamo.

Kwa maoni yangu, haya ni mabadilishano: mnyonge ametoa haki yake ya kushtaki ili apate malipo ya hakika na ya haraka. Malipo yakichelewa, atakuwa amekosa yote mawili. Sheria yenyewe inataka madai yalipwe ndani ya siku 90. Hapo ndipo wabunge wetu wangeelekeza macho.

Mambo ya kukumbuka:

- Mjulishe mwajiri mara moja, ikiwezekana kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Miezi 12 ikipita bila taarifa, haki imekwisha.
- Mwajiri anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku saba.
- Hukuridhika na uamuzi wa Mkurugenzi? Weka pingamizi kwake ndani ya siku 60. Akishajibu, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kwa hivyo mlango wa korti haukufungwa kabisa, ila sasa unafikiwa mwisho wa safari.