Saa Iliyoandikwa kwenye Pakiti

Hapa Muhima, kwenye mteremko unaoshuka kutoka mjini kwenda stendi ya Nyabugogo, mimi hufinyanga ng'ombe wa pembe ndefu, wa kimo cha kidole, kwa puti ya epoksi. Wengi huniuliza: inakauka baada ya muda gani? Swali hilo lina historia yake, na linatuhusu siye wakimbizi.

Kwanza, puti haikauki. Imigongo ya Kirehe ndiyo hukauka: samadi ya ng'ombe na majivu hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao, maji yakaondoka, ndipo rangi ikapakwa. Masimulizi huanzia kwa Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka. Epoksi ni jambo jingine. Katika miaka ya 1930, Paul Schlack wa Ujerumani na Pierre Castan wa Uswisi walifungua njia: utomvu ukikutana na dawa ya kugandisha, vinashikana vyenyewe bila kungoja jua wala upepo. Mwaka 1946 kampuni ya Ciba ya Uswisi ikaanza kuuza gundi ya Araldite.

Kinachoamua mwendo ni joto. Svante Arrhenius wa Uswidi aliandika kanuni yake mwaka 1889. Siye mafundi tunaifupisha hivi: joto likipanda digrii 10, muda unapungua karibu nusu. Puti inayokupa dakika 90 kwenye digrii 20 itakupa kama 45 tu kwenye digrii 30.

Sasa tazameni ramani yetu. Kambi ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997 kwenye vilima vya baridi karibu na Byumba. Mwaka 2021 watu wake wakahamishiwa Mahama, huko Kirehe, chini kwenye joto. Fundi aliyezoea baridi akifika kule, sura ya kinyago inamgandia mkononi kabla hajamaliza macho. Watu watasema amesahau kazi. Hajasahau kitu! Mikono yake bado inahesabu saa ya Byumba.

Dawa yake ni rahisi. Penye joto, changanya kidogo kidogo, kwa sababu donge kubwa hujipasha moto lenyewe. Fanya kazi alfajiri, kivulini. Penye baridi, weka kinyago karibu na chupa ya maji ya moto. Usizidishe dawa ya kugandisha ukidhani unaharakisha: inayobaki bila mwenzake inadhoofisha kinyago. Na vaeni glavu, ngozi haipendi epoksi mbichi.

Ndugu zetu wa mashirika, mkileta mafunzo, leteni pia kipimajoto, na siku ya kwanza iwe ya kujaribu tu. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ni wa chumba cha mtu mwingine. Mtu akihamishwa, apewe nafasi ya kujifunza saa ya mahali alipofika, kabla hajaambiwa kwamba hawezi.