Nyama na Mbatata za Kupalia: Historia ya Chungu Kimoja



Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imeniomba niandike juu ya chakula ambacho watoto wetu wa Uingereza wanakiita kaseroli, na ambacho jamaa zetu wa Muscat, kila wakija kututembelea, hukitazama kwa jicho la pembeni wakasema kuwa sisi tumekwisha kuwa Wazungu. Nimekubali kwa furaha. Jambo hili limezungumzwa katika kila harusi na kila hitima, na kila mara kwa mzaha, lakini mimi sijaona mzaha wake. Mama zetu walitoka Unguja baada ya Januari 1964 bila ya kuchukua hata ufunguo wa nyumba. Mtu akisema kuwa na mapishi yao nayo yalipotea njiani, maneno hayo ni mazito, na yafaa yachunguzwe kabla hayajakubaliwa.

Kaseroli ni neno la Kifaransa, nalo kwanza lilikuwa jina la chombo, yaani sufuria yenye mkono, kabla ya kuwa jina la chakula. Katika vitabu vya zamani vya upishi vya Waingereza, kaseroli ya wali ilikuwa ni wali uliofinyangwa kama ukuta, ukatiwa nyama katikati. Maana tunayoijua leo, ya nyama iliyofunikwa na kupikwa pole pole katika tanuri, moto ukiizunguka pande zote, ilikuja kuenea baadaye.

Sasa niulize: ni nani kati ya bibi zetu asiyejua moto wa pande zote? Nyumba za Unguja hazikuwa na tanuri, lakini zilikuwa na makaa na kifuniko cha bati. Pilau ikikaribia kukauka, moto wa chini ulipunguzwa, makaa mekundu yakapaliwa juu ya kifuniko, na chungu kikaachwa kikae. Mkate wa kumimina na mkate wa mayai vilipikwa vivyo hivyo. Bibi mzaa mama alikuwa akiweka kiganja chake juu ya makaa, kwa mbali kidogo, akahesabu kimoyomoyo, na kwa hesabu hiyo akajua kama apunguze au aongeze. Hakuwa na namba. Namba za kupimia moto wa tanuri la gesi zilianza Uingereza mwaka 1923, na ukitazama vizuri zinafanya kazi ile ile ya kiganja cha Bibi.

Na mbatata je? Wako wanaosema kuwa mbatata ni chakula cha Mzungu. Asili ya mbatata ni milima ya Andes, nchi za Peru na Bolivia za leo, ambako wenyeji walikuwa wakizilima maelfu ya miaka kabla Mspania hajafika. Ulaya zilifika katika karne ya 16. Jina tunalolitumia sisi, mbatata, limetoka kwa Wareno, ambao neno lao batata lilitoka visiwa vya Karibi, na huko lilikuwa jina la viazi vitamu. Watu wa Bombay nao husema batata, na Waarabu wa Oman kadhalika. Kwa hivyo Mzanzibari akiomba mbatata ametamka neno lililozunguka bahari mbili, kama ambavyo hutamka meza, leso na bendera bila ya kuwakumbuka Wareno hata kidogo. Mchuzi wa nyama na mbatata, kachori na urojo vilikuwa vyetu zamani kabla hatujapanda meli wala ndege.

Nije Portsmouth, ambako sisi tulifika mwaka 1965, na ambako Sultani Jamshid naye aliishi, mtaa wa Southsea, mpaka alipohamia Oman mwaka 2020. Tulikuwa watu wanane katika nyumba yenye vyumba vitatu. Jiko lilikuwa la gesi, na gesi ilikuwa ya mita ya kutia shilingi. Shilingi ikiisha, moto unazimika na chakula kinabaki kibichi. Mama alilijua tanuri hilo kama nahodha anavyoujua upepo. Hakuliwasha kwa kitu kimoja. Nyama ilikaa katikati, mkate wa kumimina juu yake, na vyombo vya kupasha chini kabisa, ili shilingi ilipe zaidi ya mara moja.

Nyama ya kuchinjwa haikupatikana mtaani petu. Wanaume walipokwenda kusali Eid Woking, katika msikiti uliojengwa mwaka 1889 na ambao kwa bahati nzuri uko kwenye njia ile ile ya treni ya Portsmouth, mmoja wao aliendelea hadi London akarudi na furushi. Katika siku nyingine za mwaka Baba alikwenda mwenyewe, mara moja kwa mwezi. Alinunua nyama ya muundi wa ng'ombe, kwa sababu ilikuwa rahisi. Waingereza walipenda mapaja na migongo ya kuchoma. Muundi umejaa mishipa, na ukipikwa haraka hautafuniki. Lakini mishipa hiyo ikipata moto mdogo kwa saa mbili au tatu huyeyuka, ndiyo inayoufanya mchuzi kuwa mzito na wenye kunata midomoni. Kwa ufupi, ni nyama iliyoumbwa kwa ajili ya kupalia.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kiingereza aliyezaliwa Lancashire. Yeye ndiye aliyemwonyesha Mama chakula cha kwao kiitwacho hotpot, na tafadhali msidhani nasema hotipoti zetu za kuwekea chapati. Ni nyama ya kondoo na vitunguu, juu yake mbatata zilizokatwa duara na kupangwa kama vigae vya paa, vikaachwa katika tanuri mpaka paa hilo liwe jekundu. Mama huyu alikulia katika vita. Nyama Uingereza ilitolewa kwa mgao tangu Machi 1940 hadi Julai 1954, wakati mbatata zilikuwa huru katika miaka yote ya vita, zikaja kuwekewa mgao mwaka 1947, vita vimekwisha. Kwa hiyo mkono wake ulikuwa wa nyama kidogo na mbatata nyingi, na chumvi tu na pilipili manga. Mama alimsikiliza kwa adabu, akachukua lile paa la mbatata, akamwachia yaliyobaki.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo jamaa wa Muscat hawalijui. Mama hakulichukua paa kwa kuiga. Kwetu mchuzi una tungule na ndimu, na mbatata zikiingia katika uchali mapema hukaa ngumu kama mawe hata upike mpaka Alasiri. Bibi alilitatua kwa kutia ndimu mwisho. Mama, aliyekuwa akienda kazini na kuuacha moto peke yake, hakuweza kungoja huo mwisho. Mbatata zikikaa juu, nje ya mchuzi, huiva kwa mvuke na samli, na ndimu inaweza kukaa chini tangu mwanzo.

Mwaka 1976, jua lilipokausha mashamba ya Uingereza na bei ya mbatata ikapanda mno, paa letu likawa la karoti na vitunguu kwa miezi kadhaa. Baba alikula, hakusema kitu.

Kwa vijana walioniandikia kuomba vipimo: kwa watu wanane, nyama ya muundi kilo moja na nusu, ikatwe vipande vya ukubwa wa yai. Ipakeni thomu na tangawizi vilivyotwangwa, chumvi, na maji ya ndimu moja, ikae saa moja. Kaangeni vitunguu maji vitatu kwa samli mpaka viwe vya rangi ya dhahabu, si vyeusi. Tieni mdalasini kijiti kimoja, karafuu tatu, kijiko cha bizari ya pilau na nusu kijiko cha pilipili manga, kisha nyama, ipate rangi, kisha tungule tatu na maji ya kutosha kufikia nusu ya nyama, wala msiizamishe. Vyote viingie katika chombo cha tanuri chenye kifuniko. Mbatata kilo moja na robo zikatwe duara, unene wa shilingi mbili za zamani zilizowekwa pamoja, zikorogwe na samli na chumvi, zipangwe juu. Funikeni. Gesi namba 3, au digrii 160, saa mbili na nusu. Kisha ondoeni kifuniko, ongezeni hadi namba 6, na katika nusu saa hiyo ya mwisho msiende mbali.

Mwenye kuishi penye uwanja na makaa, kama jamaa zetu waliohamia Oman baada ya 1970, asitumie tanuri. Apike chungu chini mpaka nyama ilainike, apange mbatata, kisha apalie makaa juu ya kifuniko. Dada yangu alipika hivyo Muscat, nyumbani kwa ami yetu, mbele ya wale wale wanaotucheka. Shangazi, ambaye sasa amepita miaka themanini, alifunua, akanusa, akauliza ni nani aliyemfundisha kupalia. Dada akajibu kuwa ni Mama, kwa tanuri la gesi. Shangazi akaomba ukoko wa pembeni, ule ulioshika chungu, akasema aachiwe wote.