Jua

Jua ni nyota iliyo katikati ya mfumo wetu wa sayari. Kipenyo chake ni kilomita 1,392,000 hivi: Dunia 109 zikipangwa mstari mmoja ndizo zingefika kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Limebeba zaidi ya asilimia 99.8 ya maada yote ya mfumo huo. Sayari zote nane, pamoja na miezi na nyota mkia, ni masalio ya wingu la gesi na vumbi lililolizaa Jua miaka bilioni 4.6 iliyopita.

Kwa uzani, karibu robo tatu ya Jua ni hidrojeni, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni heli. Heli yenyewe iligunduliwa kwanza katika mwanga wa Jua, wakati wa kupatwa kwa mwaka 1868, kabla haijapatikana duniani. Ndiyo maana jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya jua. Mwaka 1925 mwanaastronomia Cecilia Payne alionyesha kwamba hidrojeni ndiyo inayotawala katika nyota. Wakubwa wa fani hiyo walimkatalia, na miaka michache baadaye wakakiri kwamba alikuwa sahihi.

Ndani kabisa kuna kiini, chenye joto la nyuzi milioni 15 za Selsiasi. Humo viini vya hidrojeni hugongana na kuungana kuwa heli. Kila sekunde tani milioni 600 hivi za hidrojeni hupitia badiliko hilo, na tani milioni 4 kati ya hizo hugeuka nishati. Jua halilipuki kwa sababu lina mizani yake: kiini kikipoa kidogo, uzito wa tabaka za juu hukibana na kukipasha tena; kikizidi joto, hutanuka na kupoa.

Nishati hiyo haitoki upesi. Katika eneo la mnururisho, linalokizunguka kiini, hupokewa na kurushwa upya huku na huko mara zisizohesabika, safari inayokadiriwa kuchukua makumi ya maelfu ya miaka au zaidi. Juu yake ni eneo la myuko, ambako gesi ya moto hupanda, hupoa na kuzama kama maji yachemkayo sufuriani. Hatimaye mwanga huachiwa kwenye fotosfia, uso tunaouona, wenye nyuzi 5,500 hivi. Kutoka hapo hutufikia kwa dakika 8 na sekunde 20 tu, ingawa umbali ni kilomita milioni 150. Mwanga unaoanika mpunga leo asubuhi ulianza kupikwa kabla binadamu hajajua kulima.

Juu ya fotosfia kuna kromosfia, kisha korona, ambayo joto lake hupita nyuzi milioni moja. Kwa nini utando huo wa nje uwe na joto zaidi kuliko uso ulio chini yake? Wanasayansi wanaihusisha hali hiyo na nguvu za sumaku za Jua, lakini bado wanajadiliana namna hasa inavyotokea. Korona huonekana kwa macho pale tu Jua linapopatwa kikamilifu, kama ilivyokuwa Pakwach, Uganda, tarehe 3 Novemba 2013. Desemba 2024 chombo cha anga cha Parker kilipita ndani yake, kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye uso.

Kutoka korona huvuma upepo wa Jua, chembe zenye chaji zinazoenea kupita sayari zote. Dhoruba zake zinaweza kuvuruga mitambo. Ile ya mwaka 1859 iliharibu mawasiliano ya telegrafu. Upepo huo una mpaka, na chombo cha anga cha Voyager 1 kiliuvuka Agosti 2012. Nguvu ya uvutano ya Jua hufika mbali zaidi: nje ya mpaka huo bado kuna nyota mkia nyingi zinazolizunguka.