Pequod: Jamii Nzima Ndani ya Merikebu Moja

Merikebu humfaa sana mwandishi anayetaka kuonyesha jamii nzima kwa mara moja. Ina mtawala na watawaliwa, ina mgawo wa kazi na wa chakula, na hakuna awezaye kuondoka. Plato alitumia mfano huo katika Jamhuri, akieleza mabaharia wanaogombea usukani bila kujua lolote la uongozaji wa chombo. Mwaka 1494 Sebastian Brant alichapisha huko Basel utenzi wa merikebu iliyojaa wapumbavu wa kila aina. Lakini hivyo vilikuwa vyombo vya mafumbo. Riwaya iliyoweka jamii ndani ya merikebu yenye kazi halisi, na kuifanya kazi hiyo iwe kiini cha hadithi, ni Moby-Dick ya Mmarekani Herman Melville, iliyotoka mwaka 1851.

Melville aliijua kazi yenyewe. Januari 1841, akiwa na miaka 21, alianza safari katika merikebu ya kuwinda nyangumi iitwayo Acushnet, na mwaka uliofuata akatoroka katika visiwa vya Marquesas. Enzi hizo mafuta ya nyangumi yaliwasha taa na kulainisha mitambo, na merikebu za New Bedford na Nantucket zilikaa baharini miaka mitatu au zaidi. Kazi ilikuwa ngumu na malipo madogo, kwa hiyo mabaharia waliokotwa popote, kuanzia Azores hadi visiwa vya Pasifiki.

Pequod ya riwayani imepewa jina la kabila la wenyeji wa Marekani lililovunjwa nguvu katika vita vya 1637. Juu kabisa yuko nahodha Ahab. Chini yake Starbuck, Stubb na Flask, maafisa wazungu wa New England. Kisha wapo wapiga chusa watatu: Queequeg wa kisiwa cha Pasifiki, Tashtego ambaye ni mwenyeji wa asili wa Martha's Vineyard, na Daggoo, Mwafrika. Hakuna mshahara, kila mtu ana fungu lake la faida. Ishmael, msimulizi, anaahidiwa fungu moja kati ya 300. Queequeg anarusha chusa na kulipata tone la lami linaloelea majini, na papo hapo anapewa moja kati ya 90. Kazini, ustadi unaipita rangi. Ila unahodha na uafisa haumfikii Queequeg.

Tabaka huonekana wazi zaidi mezani. Ahab huketi kwanza, halafu Starbuck, Stubb, na mwisho Flask. Kuinuka ni kinyume chake, hivyo Flask ndiye wa mwisho kuketi na wa kwanza kuondoka, na tangu apandishwe cheo hajawahi kushiba. Hata siagi hathubutu kuigusa. Wakishaondoka, wapiga chusa huingia, wakala kwa kelele na kusaza kidogo.

Jamii hiyo ina pengo moja kubwa: haina wanawake. Ila suala la utawala limechorwa bila kubakiza. Ahab anapigilia sarafu ya dhahabu mlingotini, iwe zawadi ya atakayemwona kwanza Moby Dick, nyangumi mweupe anayetajwa katika jina la riwaya. Anawanywesha mabaharia pombe, nao wanaapa kumwinda. Starbuck peke yake anapinga. Baadaye anasimama na bunduki nje ya chumba cha nahodha aliyelala, kisha anairudisha mahali pake. Uwindaji huo unaishia kwa merikebu kuzama, na anayepona ni Ishmael peke yake.

C. L. R. James, mwandishi wa Trinidad, aliandika kitabu kuhusu riwaya hiyo, sehemu yake akiwa kizuizini Ellis Island mwaka 1952 akisubiri kufukuzwa Marekani. Kilichapishwa mwaka 1953. Katika Ahab aliona madikteta wa karne ya 20, na mashujaa wake hawakuwa nahodha wala msimulizi, bali mabaharia wa mataifa yote waliofanya kazi pamoja. Usomaji huo ndio ulio karibu zaidi na riwaya yenyewe.