Chapa, Rajamu na Kitako cha Chungu

Siku hizi kila kitu kina chapa: sabuni, unga, hata mwanasiasa. Neno lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi, na ndani yake mna kugandamiza: muhuri juu ya karatasi, wino juu ya kitambaa, chuma cha moto juu ya ngozi ya ng'ombe. Rajamu, neno la wafanyabiashara wa zamani, ni ndugu yake. Yote mawili humtaja mwenye mali. Taa za udongo za Warumi zilizopigwa jina FORTIS kitakoni zinastahili kusemwa kuwa zina chapa, na jina hilo liliigwa sehemu nyingi za dola lao.

Sasa tuje Urewe, Siaya, magharibi ya Kisumu. Mwaka 1948 ilichapishwa taarifa ya wanaakiolojia Mary na Louis Leakey pamoja na mmisionari Walter Owen kuhusu vyungu vya kale vilivyopatikana huko. Midomo yake imechongwa kingo, mabega yana mifuo, na kitakoni mna kibonyeo, kana kwamba mfinyanzi alibonyeza udongo mbichi kwa kidole. Je, hiyo ni chapa? Hapana, maana haimtaji mtu.

Neno linalofaa ni nembo. Kabla ya kuhamia kwenye barua za serikali na jezi za Gor Mahia, nembo ilikuwa chale za mwilini, za kuonyesha mtu ni wa watu gani. Vyungu vya Waluo, wakazi wa Siaya wa leo, vinatufunza jambo hilo hilo. Ingrid Herbich, katika utafiti aliouchapisha 1987, alionyesha kwamba mke aliyeolewa penye wafinyanzi hujifunza kazi kwa mama mkwe wake, mpaka mkono wake ufuate mtindo wa pale. Ukitazama shingo ya agulu, yaani chungu cha Kiluo, na urembo wake, unasoma jamii ya wafinyanzi.

Wanaakiolojia nao wana lao. Mwanzoni vyungu vya Siaya waliviita kwa kibonyeo chake, baadaye kwa jina la Urewe. Leo hata vyungu vya Rwanda, Burundi na Kagera huitwa Urewe, ingawa vya Kagera vimevitangulia vya Siaya kwa karne kadhaa. Nembo waliitia wafinyanzi. Chapa wameipiga wasomi.