Lugha Iliyotoka Bwenini

Anayetaka kuandika historia ya viziwi wa Migori na Homa Bay asianzie hapa kwetu. Aanzie ng'ambo ya Ghuba ya Winam, Bondo, kwenye misheni ya Kikatoliki ya Nyang'oma. Shule ya viziwi ilifunguliwa huko mwaka 1961, mwaka uleule wa ile ya Mumias. Kabla ya hapo kiziwi wa South Nyanza, jina la zamani la kaunti hizi mbili zilipokuwa wilaya moja, alichunga ng'ombe na kuitwa bubu. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa la kutumiwa na wenye masikio tu.

Shule za mwanzo zilifundisha kwa mdomo. Mtoto alitazama midomo ya mwalimu na kujaribu kutoa sauti asiyoisikia, na mikono ilikatazwa darasani. Lakini bwenini nani angeizuia, ilimradi taa inawaka? Huko watoto walitengeneza ishara zao, wakapeana majina ya ishara, wakubwa wakawarithisha wadogo. Wasomi walikuja nyuma. Miaka ya 1980 Michael Ndurumo, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe ni kiziwi, alipigania ishara ziingie darasani. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kuitafiti Lugha ya Ishara ya Kenya, na Katiba ya 2010 ikaitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Yaani lugha ya kujificha ikafika Bungeni. Hiyo ndiyo sehemu tunayopenda kuisimulia.

Sehemu tusiyoisimulia ni ya nyumbani. Mtoto anaingia bweni akiwa mdogo, anarudi likizo tu, hadi kidato cha nne kinaisha na geti linafungwa nyuma yake. Cheti kiko mkononi, wa kuongea naye hakuna. Ni kweli shule zimesogea: Kuja iko hapa Rongo, na Lambwe iko upande wa Homa Bay. Lakini shule kuwa karibu hakumfundishi mama ishara. Mama anajua njoo, kula, lala. Nani kafariki, shamba limeuzwa kwa nini, daktari kasema nini, hayo yote yanampita kijana akiwa amekaa papo hapo na sahani yake ya omena.

Na hapa kwetu kupitwa kumeua. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya 5 Homa Bay anaishi na virusi vya Ukimwi, asilimia 19.6. Maonyo mengi yalipita redioni kwa Dholuo na kwenye hotuba za matanga. Kijana kiziwi alifika matangani, akaona jeneza, akashika koleo kama wenzake, akarudi nyumbani bila mtu kumwambia kaka yake kafa na nini.

Nani basi humpokea kijana baada ya shule? Kuna chuo cha Sikri, karibu na Oyugis, kinachofundisha ufundi vipofu na viziwi, na wanaobahatika kupata karo huenda huko. Kuna semina pia, za soda na fulana. Mimi nimetafsiri ishara kwenye nyingi na sioni zilichoacha. Ninachoona kikifanya kazi ni karakana. Seremala kiziwi akishapata mteja wa pili na wa tatu humwita aliyemaliza shule mwaka huu, na huyo humwita wa mwakani. Fundi anayesikia wa kibanda jirani anajifunza ishara bila kutaka, maana msumari lazima uazimwe. Wateja wanajua kupatana bei kwa vidole. Kanisani hivyohivyo: benchi moja linatengwa, mwenye ishara anasimama mbele, na Jumapili huwa ndefu kwa sababu baada ya ibada hakuna anayetaka kwenda nyumbani.

Kwenye karakana moja ya Rongo kuna mama anayekuja siku ya soko, anakaa juu ya mbao na kuwauliza vijana ishara, moja moja, huku mwanawe akiranda. Juzi alinivuta kando.

"Mwalimu, kansa mnaifanyaje?"

Dada yake amelazwa tangu mwezi uliopita, na kijana anadhani shangazi kasafiri tu. Nilimwonyesha. Akairudia mara tatu, mikono ikiwa chini, nyuma ya leso, kijana asije akaiona kabla hajawa tayari.