Honda Cub ya zamani: oringi ndogo inayoua kichwa cha injini

Honda 70 ya babu imekaa stoo miaka, fundi kaifungua na kuifunga upya, pistoni mpya, ringi mpya. Inawaka kwa kiki ya pili. Wiki haijaisha, injini inaanza kugonga. Kichwa kikifunguliwa, kamshafti imechubuka. Mara nyingi chanzo ni kimoja: oili haikufika kule.

Super Cub ilizaliwa 1958, na kufikia 2017 Honda ilikuwa imetengeneza zaidi ya milioni 100. Katikati ya miaka ya 1960 kamshafti, ile shafti inayosukuma valvu, ikahamishiwa kwenye kichwa. Ndiyo mpangilio wa C50, C70 na C90. Silinda yake imelala, hivyo kichwa kiko mbele, na oili lazima isukumwe hadi huko.

Safari inaanzia chini kwenye chujio la wavu. Pampu inavuta oili na kuigawa. Sehemu inaenda kwenye krenki, nyingine inapita kwenye silinda kuelekea kichwani. Humo haina bomba lake. Inapita kwenye tundu la stadi mojawapo kati ya zile nne zinazobana kichwa, katika nafasi nyembamba iliyobaki kati ya stadi na ukuta wa tundu. Ikishalowesha kamshafti na roka, inarudi kupitia njia ya cheni.

Sasa angalia kinacholinda njia hiyo: oringi ya mpira pale silinda inapokutana na kichwa, na washa ya shaba chini ya nati ya stadi ile. Basi. Ukiisahau oringi au washa ikaenda kwenye stadi nyingine, oili inavuja na presha inashuka. Kwenye C70 za zamani kamshafti inazunguka moja kwa moja ndani ya aluminiamu ya kichwa, hakuna beringi ya kubadilisha. Aluminiamu ikilika, unatafuta kichwa kingine.

Kwa hiyo kabla ya kulegeza nati yoyote, piga picha kwa simu. Nati na washa zinafanana mpaka zikishachanganyika kwenye beseni la petroli.

Gasketi nazo zina mambo. Za kuiga wakati mwingine hazina tundu la oili mahali pake, au ukiigeuza inaziba. Weka mpya juu ya ya zamani, linganisha tundu kwa tundu. Na silikoni! Mafundi wengi wanaipaka kama siagi. Ikibanwa inaingia ndani, inakatika vipande, na njia hizi ni nyembamba. Gasketi nzuri kwenye uso safi haiihitaji.

Usisahau chujio la kuzunguka lililo upande wa klachi. Linarusha uchafu pembeni kwa nguvu ya mzunguko, na kwenye pikipiki iliyokaa muda utakuta tope jeusi limeganda. Likwangue, osha na wavu wa chini pia. Oili yenyewe haifiki lita moja, na klachi inaogelea humo humo, hivyo nunua ya pikipiki. Baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze.

Wakati wa kufunga, jaza pampu oili na upake kamshafti. Toa plagi, piga kiki mara nyingi bila kuwasha. Kisha rudisha plagi, fungua kifuniko cha tapeti cha juu, washa injini na uiache sailensa. Roka inatakiwa ilowe. Dakika ikipita bado pakavu, zima hapo hapo. Kabla ya kuilaumu pampu, rudi kwenye ile washa ya shaba, kisha oringi, kisha gasketi ya chini ya silinda.